Kutoka Salama Katika Nyumba Yenye Ukatili: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaokimbilia kwa wasaidizi wa kisheria baada ya kupigwa au kudhalilishwa nyumbani hufika mikono mitupu. Jeraha limeshafunga, fomu ya polisi haikuchukuliwa, ujumbe wa vitisho umefutwa kwa hasira, na shahidi pekee ni mtoto wa miaka sita. Wanasema kweli tupu, lakini kweli hiyo haina pa kuishikia. Wengine hutoka usiku bila nauli wala vyeti, na baada ya siku tatu hulazimika kurudi kwa sababu mtoto anaumwa na kadi yake ya bima imebaki kabatini.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao nimeuona ukisaidia. Unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, ingawa hatua za usalama, matibabu na ushahidi zinafaa popote. Nimeandika nikimfikiria zaidi mke, kwa sababu ndiye anayeumizwa mara nyingi: katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Mwanamume anayeteswa nyumbani naye afuate hatua hizi hizi, na asione aibu.

Kama hatari ipo sasa hivi, acha kusoma. Toka uende penye watu, au piga 112. Mengine yatafuata.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo la kawaida na kalamu.
- Kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na za bima. Kama asili haipatikani, nakala inatosha kwa kuanzia.
- Nakala au picha za hati za kiwanja, nyumba, pikipiki, mikopo na michango ya vikoba.
- Nauli taslimu ya kuwatosha wote mtakaotoka.
- Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: polisi 112, huduma ya simu kwa watoto 116 isiyolipiwa, afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, na ndugu wawili.
- Simu ya kitochi yenye laini ambayo mwenzako haijui, kama uwezo upo.
- Dawa zinazotumiwa kila siku na yeyote kati yenu.

Usivikusanye vyote kwa siku moja. Kabati linalopungua ghafla humshtua anayekuchunguza.

## Hatua ya 1: Itambue hali, kisha iandike

Kipigo hakihitaji kufafanuliwa. Ukatili wa kihisia ndio unaowapotosha watu, kwa sababu kila kisa kikitazamwa peke yake huonekana kidogo. Kutukanwa siku moja kunaweza kuwa ugomvi wa kawaida. Lakini mtu anapotukanwa mbele ya watoto wake kila wiki, akakatazwa kwenda kwa mama yake, simu yake ikapekuliwa kila usiku, pesa ya matumizi ikakatwa kila anapouliza jambo, na akatishiwa kwamba akiondoka hatawaona watoto tena, hapo kuna mpango wa kumtawala. Dalili moja huitambulisha hali hii kuliko zote: unaanza kupima kila neno kabla ya kulisema, na mlio wa pikipiki yake getini unakukaza tumbo.

Sheria inalitambua hilo. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinautaja ukatili, uwe wa kiakili au wa kimwili, miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 66 kinatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mume ana ruhusa ya kumrudi mkewe anasema jambo ambalo sheria ya nchi ililikataa mwaka 1971.

Sasa andika. Wengi huandika hivi: "Ananinyanyasa kila siku, nimechoka." Maneno hayo ni ya kweli, lakini hakimu hawezi kuyapima. Andika hivi:

"Jumanne tarehe 4, saa 2 usiku. Amerudi, ameuliza ni nani aliyenipigia. Nimesema ni dada. Amesema mbele ya watoto wote wawili: 'Wewe ni mbwa tu humu ndani.' Amechukua simu yangu hadi asubuhi. Mama mwenye nyumba alikuwa uani, amesikia."

Siku, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Mistari minne inatosha. Andika siku hiyo hiyo au kesho yake, wala usiongeze chumvi hata kidogo, kwa sababu uongo mmoja ukigundulika utaangusha kurasa zote.

Tahadhari: daftari lisikae ndani ya nyumba kama yeye hupekua. Liweke kazini, kwa jirani unayemwamini, au umtumie dada yako ujumbe wa sauti, yeye auhifadhi na wewe uufute kwako. Ujumbe wa vitisho ambao yeye amekutumia usiufute kamwe kabla hujautuma kwa mtu mwingine pamoja na picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Umefanikiwa hapa pale mtu asiyekujua anapoweza kusoma kurasa tatu na kukueleza mwenyewe kinachotokea nyumbani kwako.

## Hatua ya 2: Pima ukubwa wa hatari

Jiulize maswali haya ukiwa peke yako, na ujijibu kwa ukweli:

Je, amewahi kukukaba koo? Je, amewahi kukushikia panga, kisu au bunduki? Ametishia kukuua, kuua watoto au kujiua? Amekupiga ukiwa mjamzito? Anakufuata kazini au sokoni? Je, vipigo vya mwaka huu ni vikali kuliko vya mwaka jana?

Hata "ndiyo" moja katika maswali mawili ya kwanza inatosha kukutoa katika kundi la kusubiri. Kukabwa koo hasa hupuuzwa, kwa kuwa mara nyingi hakuachi alama nje. Hata hivyo mishipa ya shingo inaweza kuwa imeumia ndani, na madhara yakajitokeza baada ya saa nyingi au siku kadhaa. Sauti ikikwaruza, kumeza kukawa kwa shida, macho yakawa na vitone vya damu, au ulipoteza fahamu hata kwa dakika moja, nenda hospitali siku hiyo na useme neno lenyewe: "Nilikabwa koo." Ukisema tu kwamba shingo inauma, utapewa dawa ya maumivu.

Tahadhari kubwa ya mwongozo mzima iko hapa: usimtangazie kwamba unaondoka. Wakati wa kuondoka na majuma yanayofuata ni kipindi cha hatari kubwa, kwa sababu anayetawala anaona utawala unamponyoka. Maneno ya kuagana, ya kumkomoa au ya kumpa nafasi ya mwisho yangoje hadi uwe mahali salama, mbele ya watu wengine.

## Hatua ya 3: Chagua mtu mmoja na neno moja

Usiwaambie ndugu wote. Chagua mmoja au wawili, na kipimo cha kwanza kiwe uwezo wa kunyamaza. Upendo pekee hautoshi. Shangazi anayekupenda sana lakini anayempigia mumeo simu "kumweka sawa" atakuponza bila kukusudia.

Kubalianeni neno la siri lisilotiliwa shaka. Mama mmoja alikubaliana na jirani yake kwamba siku akituma ujumbe "Nirudishie ule ungo wangu", jirani aende na vijana wawili kugonga mlango. Ujumbe huo hata ungesomwa, ungemfikirisha nani?

Nawe unayeombwa siri hiyo, sikiliza bila kuuliza "ulimfanya nini?" Swali hilo humfunga mtu mdomo kwa miaka. Sema: "Nakuamini. Unataka nifanye nini?" Kisha fanya hilo tu.

## Hatua ya 4: Mkoba na simu

Hamisha vitu vya orodha ile kidogo kidogo, hati leo, nguo za shule wiki ijayo, hadi mkoba ukamilike kwa mtu wako wa siri.

Upande wa simu, angalia kwenye WhatsApp orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa kuwa mtu anaweza kusoma ujumbe wako akiwa na kompyuta au simu nyingine. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu siku ya kuondoka, si wiki moja kabla. Akijaribu ya zamani ikakataa, ataanza kuuliza.

Mafanikio ya hatua hii ni kuweza kutoka ndani ya dakika tano mkiwa na ndala tu miguuni, na bado kesho mkawa na hati, dawa na nauli.

## Hatua ya 5: Saa 72 za kwanza baada ya tukio

Hapa ndipo kesi nyingi hupotea.

Polisi. Nenda kituoni uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo hakina dawati, omba kuhudumiwa na askari wa kike, ukipenda. Eleza tukio, pata namba ya RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni) na Fomu Namba 3 ya polisi, ile tunayoiita PF3, ambayo daktari huandika majeraha yako. Huilipii. Andika namba ya RB, tarehe na jina la askari aliyekuhudumia.

Ukiambiwa mkayamalize nyumbani, usigombane. Niliwahi kukaa na mama mmoja kwenye benchi la kituo tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, shavu limevimba hadi jicho limefumba, akiambiwa mara tatu arudi kwa mumewe wakaongee. Mwishowe alifungua daftari lake akasema kwa upole: "Afande, naomba jina lako niliandike hapa pamoja na uliyoniambia." Fomu ilitoka. Njia hiyo ikishindikana, omba kumwona mkuu wa kituo, au rudi ukiwa na mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria.

Hospitali. Kama umeumia vibaya, matibabu yaje kwanza na PF3 ifuate. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja; uliza mapokezi. Mweleze daktari kila panapouma, hata pasipoonekana: masikio, kichwa, mbavu. Kisichoandikwa kwenye PF3 ni vigumu kukidai baadaye. Kabla ya kuirudisha polisi, itoe nakala.

Ukatili wa kingono. Usioge wala kufua nguo ulizovaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki. Nailoni hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano. Nenda hata kama hujaamua kushtaki.

Picha. Piga picha za jeraha siku ya kwanza na tena siku ya tatu, kwa sababu mavilio ya damu mara nyingi huonekana zaidi baada ya siku mbili. Piga moja ya karibu ukiweka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, na nyingine ya mbali inayoonyesha uso wako.

## Hatua ya 6: Kikao cha ukoo

Kitakuja. Wazee wataitana, mashahidi wa ndoa watapiga simu, na mtu atasema funika kombe mwanaharamu apite. Siwadharau wazee, vikao vya ukoo vimeokoa ndoa nyingi zilizogombana kwa pesa au kwa wakwe. Lakini kikao hakiponyi taya lililovunjika, na faini ya mbuzi inayokwenda kwa baba yako haikulindi usiku unaofuata.

Ukikubali kuhudhuria, weka masharti. Kikao kisifanyike nyumbani kwake. Uwe na mtu wako. Yatakayosemwa yaandikwe, na kila aliyehudhuria atie sahihi, kwa kuwa mtu akikiri mbele ya wazee kwamba alikupiga na maneno hayo yakaandikwa, umepata ushahidi ambao hukuwa nao.

Tahadhari: usitie sahihi karatasi ya kufuta malalamiko kikaoni. Omba siku saba za kufikiri. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, wewe ni shahidi. Anayekwambia kwamba "umemfunga mwanetu" anakubebesha mzigo usio wako.

Na msamaha je? Utaombwa, pengine kwa machozi ya kweli. Kupima mabadiliko kunataka miezi: je, anakiri alichofanya bila kukulaumu? Je, anakubali uishi kwingine wakati mnaongea? Anayekasirika kwa sharti hilo ameshajibu.

## Hatua ya 7: Ustawi wa jamii, baraza na mahakama

Tanzania haina sheria moja mahususi ya ukatili wa nyumbani kama ile ya Kenya ya mwaka 2015, inayoiwezesha mahakama kutoa amri ya ulinzi kwa aliye hatarini. Kwetu mtu hutumia Kanuni ya Adhabu kwa upande wa jinai na Sheria ya Ndoa kwa upande wa madai. Njia hizo mbili zinaweza kwenda kwa pamoja.

Kwa talaka, kwa kawaida shauri hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la dini au la ustawi wa jamii. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa mahakama, hata Mahakama ya Mwanzo. Wengi hukwama hapa kwa sababu mwenzao haitikii wito. Sheria imeliona hilo: anayekataa kwa makusudi kufika barazani hawezi kuizuia safari yako. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili huhitaji ruhusa ya mahakama, na mateso makubwa ni sababu ya kuiomba.

Mambo matatu yanayofichwa sana na walio upande wa pili:

Kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilitamka hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hukuchangia kitu kwa kuwa hukuwa na mshahara.

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Ukisikia fununu ya kuuzwa, wahi kuweka zuio la kisheria dhidi ya mauzo hayo.

Mlioishi pamoja miaka miwili au zaidi mkijulikana kwa watu kama mume na mke, sheria inawadhania kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo kosa la kupiga halihitaji ndoa. Mpenzi wa miezi mitatu naye hushtakiwa.

Huhitaji fedha za wakili ili kuanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na mashirika kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) hutoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo. Wapelekee daftari, nakala ya PF3 na namba ya RB. Utaona jinsi mazungumzo yanavyokwenda haraka.

## Hatua ya 8: Watoto

Mtoto anayelala chumba cha pili anasikia. Dalili ni kukojoa kitandani upya, kuogopa sauti kubwa, kushuka darasani, au kumpiga mdogo wake kwa maneno yale yale ya baba. Mwambie mambo mawili kwa lugha yake: kwamba hili si kosa lake, na kwamba ugomvi ukianza asiingie katikati bali akimbilie nyumba mliyokubaliana. Fanyeni zoezi la njia hiyo mchana, kama mchezo.

Baada ya kuhama, mweleze mwalimu mkuu ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Vitisho vya kwamba utanyang'anywa watoto vipime kwa sheria: kinachoangaliwa kwanza ni ustawi wa mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba sheria hudhania kwamba kukaa na mama ni bora, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Matunzo ni wajibu wa baba hata kama hamuishi pamoja. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuanzia.

## Kwa wazazi, makungwi na mashahidi wa ndoa

Ukatili huzuilika zaidi kabla haujazoeleka. Kungwi au somo anayemfunda mwari kuhusu usafi na heshima aongeze sentensi moja: "Akikupiga, uje. Mlango uko wazi, na sitakurudisha usiku huo huo." Kwa kijana wa kiume, baba au mjomba amwambie waziwazi, kabla ya mahari kupelekwa, kwamba katika ukoo huu mke hapigwi.

Na baada ya harusi, usingoje uitwe. Nenda kamtembelee binti yako mwezi wa tatu. Msifu mkwe wako, kunywa chai, kisha omba kukaa na mwanao jikoni peke yenu. Muulize: "Simu yako unashika mwenyewe? Ukitaka kuja kwetu, unamwomba nani? Ukikosea, inakuwaje?" Halafu nyamaza, endelea kuchambua mboga, na umpe muda wa kujibu.